Risasi Moja Kati ya Mia Mbili

Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mama mkwe wangu aliingia nyumbani kwa shemeji yangu huko Whitehall, pembeni mwa Columbus, akanikuta mezani nikimimina baruti ndani ya ganda la risasi. Kwa mwanawe yeye hapigi hodi. Nilisimama papo hapo. Katika milima ya Kivu ya Kusini nilikozaliwa, mwanamume hakai wakati mama mkwe wake amesimama, wala mikono yake haiendelei na kazi mbele yake. Niliacha mashine kama ilivyokuwa, ganda likiwa ndani, nikamwamkia kwa mikono miwili.

Risasi zile hazikuwa zangu. Zilikuwa za jirani yangu wa Louisville, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye saa hiyo alikuwa amelala kwenye kochi la shemeji kwa uchovu wa safari, kofia imemfunika uso. Mzee huyo ana jicho moja linaloona. La pili lilizimwa na ugonjwa kabla sijamfahamu. Nalitaja jicho hili mapema kwa sababu yote nitakayosimulia yanalihusu. Risasi iliyotiwa baruti mara mbili inaweza kupasua bunduki, na bunduki ya aina yake ikipasuka, inapasuka karibu kabisa na shavu la anayeilenga.

Tulikuwa njiani kwenda Buffalo, kwenye mashindano ya kulenga shabaha ya makauboi. Ni lazima nieleze ni kitu gani, kwa maana mimi mwenyewe nilichelewa kukielewa.

Ninaishi upande wa kusini wa Louisville, karibu na bustani kubwa ya Iroquois, na kazi yangu ni ya ghala. Mwaka wa kwanza mzee alinisaidia kubadilisha breki za gari, nami nikamsaidia kubeba kabati. Siku moja nilimkuta gereji kwake akihangaika na vitu vidogo vya shaba ambavyo vidole vyake, kwa kutetemeka, vilikuwa vikividondosha sakafuni. Niliviokota. Vilikuwa maganda ya risasi. Nilipogundua nimeshika nini, nilivirudisha mezani haraka, kama mtu aliyeokota kaa la moto.

Hakucheka. Alinieleza kwamba ganda likishapigwa halitupwi. Linasafishwa, linarudishwa umbo lake, linatiwa fataki mpya kwenye kitako, yaani kile kidonge kinacholipuka kikigongwa, kisha baruti iliyopimwa, kisha kichwa cha risasi juu. Ganda lilelile linaweza kuishi hivyo mara nyingi. Nilikuwa nimeona maganda maisha yangu yote, njiani, mashambani, hata mlangoni mwa kanisa. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani anayeyaokota, kuyaosha na kuyapanga.

Nilianza kusoma. Shule niliiacha mapema kwa sababu ya vita, lakini kitabu ukikisoma polepole, na kamusi pembeni, hakikuulizi cheti. Nilisoma kuhusu kasi ya kuungua kwa baruti, na kwa nini chembe chache zaidi zinabadilisha kila kitu. Lililonishangaza kuliko yote ni hili: ganda la bunduki ya mzee ni la muundo wa zamani, refu na pana, na baruti ya siku hizi ni kidogo mno ndani yake. Ukiitia mara mbili haifuriki, wala haifiki hata mdomoni. Ganda linanyamaza nayo. Kwa hiyo kila ganda lazima limulikwe kwa tochi kabla ya kufungwa, na anayelimulika asiongee wala asisikilize redio. Baada ya mwaka mmoja, kazi ya kujaza risasi ikawa yangu. Mzee alisema mikono yangu ina subira kuliko yake.

Kisha akanipeleka kuona.

Uwanja ulikuwa nje ya mji, kati ya mashamba ya mahindi. Niliona wanaume wenye kofia pana na mabuti, wanawake wenye sketi ndefu, mabibi wa umri wa mama mkwe wangu wakisukuma vigari vidogo vilivyosimamishiwa bunduki kama fito. Kila mtu alikuwa na jina la kujibandika, la kikauboi, na ndilo lililoandikwa kwenye orodha. Baba yangu alichunga ng'ombe tangu utotoni mpaka siku tulipokimbia. Hakuwahi kuwa na kofia ya namna ile. Nilitafuta kwa macho, sikuona hata ndama.

Mlio wa kwanza ulipotoka, nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya pipa la takataka. Hakuna aliyenicheka. Bibi mmoja alikuja akachuchumaa kando yangu, akanipa vizibo vya masikio, akaniuliza kama ninapenda keki ya ndizi.

Nikiwa nyuma ya pipa lile ndipo nilipoanza kutazama kwa makini. Bunduki zote zilitembezwa zikiwa wazi, tumbo la chuma likionekana. Risasi ziliingizwa kwenye meza moja tu, mbele ya shahidi. Mpigaji akimaliza, alikwenda meza nyingine, na mtu mwingine akamkagulia bunduki mpaka akaridhika kwamba haina kitu. Hata bingwa alikaguliwa. Mzee wa miaka themanini alikaguliwa na msichana, akasema asante. Nimetoka mahali ambapo hakuna anayekuonyesha kwamba bunduki yake ni tupu. Huko ukiiona, ina kitu ndani, na kilichomo kinakuhusu. Hapa watu walikuwa wakionyeshana utupu wa bunduki siku nzima, kwa adabu, kama wenyeji wanavyomkaribisha mgeni maji ya kunawa. Nilirudi nyumbani jioni. Mke wangu aliuliza nimeona nini, nikamwambia nitamweleza nikishaelewa.

Narudi Whitehall. Kwa kawaida risasi zote hujazwa gereji kwa mzee, lakini wiki ile ghala lilituongezea zamu, na mia moja kati ya mia mbili zilikuwa bado. Nilibeba mashine ndogo ya mkono, iliyofungwa kwenye ubao, niimalizie kazi Columbus ambako tungelala. Bastola za mzee tuliziacha Louisville, kwa kuwa sheria ya jimbo la New York haina mzaha na bastola za wageni. Mashindano ya Buffalo yalikuwa ya bunduki ndefu peke yake.

Mama mkwe alikuwa ameletwa na jirani kutoka mtaa wa Linden, anakoishi na binti yake mdogo. Alitazama meza.

"Mukwe, ile ni nini? Ni masasi?"

"Ndiyo, Mama."

"Masasi ya kuua nini?"

"Hayaui kitu, Mama. Ni ya kupiga sahani za chuma. Ni mchezo wa makauboi, wachunga ng'ombe wa zamani wa huku."

"Wachunga ng'ombe. Bon. Na ng'ombe ziko wapi?"

"Hakuna ng'ombe, Mama."

Alimgeukia mwanawe. "Unasikia? Sisi tulikimbia masasi, tukaacha ng'ombe. Huyu anakwenda kwa wachunga ambao hawana ng'ombe, na masasi anayapika mu nyumba yako, ku meza ya chakula!"

"Maman, muache. Yeye ni fundi," shemeji alisema akicheka.

"Fundi wa kurudi na njaa. Hata nyama moja hawaleti!"

Mzee aliamka kwa kelele hizo, akavua kofia, akasimama naye, bila kujua amesimamia nini. Mama mkwe akampenda hapo hapo. Alinishika mkono, akanipeleka naye kwenye viti vya sebuleni ili anihoji habari za bintiye na wajukuu, na nyuma yangu nikasikia shemeji na mkewe wakiondoa vitu mezani ili chakula kitengwe. Tulikula ugali, samaki na sombe, yaani majani ya muhogo. Kisha mama mkwe aliomba. Aliombea matairi, aliombea polisi wa barabarani wawe na moyo laini, aliombea tumbo la mzungu lisishangae sombe. Tulisimama muda mrefu, macho tumefumba.

Baada ya hapo niliikuta mashine kwenye kabati la jikoni, ganda bado limesimama mahali pake. Nilikumbuka kwamba nilikuwa nimekwisha kulitia baruti kabla ya kusimama. Nikachungulia, nikaona baruti. Wakati huo mama mkwe alifika mgongoni mwangu kuniaga na kuniagiza jambo kuhusu shule ya watoto. Mama mkwe akisema nawe humpi kisogo. Nilimgeukia, na mkono wangu, kwa mazoea, ukahamisha ganda kwenye tundu la pili, ukaweka kichwa cha risasi na kuvuta. Tochi ilikuwa bado mezani, chini ya sahani. Alipoondoka niliifuata tochi, nikaendelea mpaka mia ikatimia, zote nikizimulika, nikazichanganya na zile za Louisville katika mifuko miwili ya ngozi. Moja hiyo sikuimulika, lakini nilikuwa nimeiona kwa macho yangu kwamba ina baruti, na nikaridhika.

Jumamosi tuliendesha kando ya ziwa, mzee akinisimulia mambo ya kiwanda alichofanyia kazi, tukalala hoteli ndogo nje ya Buffalo. Jumapili asubuhi uwanja ulikuwa na ukungu. Baadhi ya wapigaji walitumia baruti nyeusi ya kizamani, na kila walipopiga, wingu jeupe liliwameza wao na shabaha, kisha ndani ya wingu ukasikia chuma kinalia. Nilikuwa nimeona hayo mara nyingi. Bado nilisimama kutazama.

Mzee alikwenda meza ya kujazia. Aliingiza risasi kumi kwenye bunduki, moja moja, shahidi akizihesabu kwa midomo. Akasogea mstarini, akailaza bunduki mbele yake juu ya meza, akaweka mikono kiunoni kusubiri mlio wa saa ya msimamizi. Mimi nilikuwa nyuma ya kamba, na simu ilitetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa shemeji. Niliufungua nikidhani tumesahau kitu kwake.

"Shemeji, mulifika muzuri? Bon, nilikuwa nasahau kukuchekesha. Ile mashini yako iko na wazimu! Juzi nilipoondosha vitu ku meza, njo nikaikamata na ule mukono yake, nikainyanyua. Donc ule mukono ukashuka, paa! Nikaurudisha juu. Kidogo unikate kidole! Weye unafanyaka kazi na shetani, shemeji!" Nyuma yake mkewe alikuwa akicheka.

Ganda likiwa kwenye tundu la kwanza, mashine ile hufanya jambo moja tu. Ukishusha mkono, ganda hupanda na kumiminiwa baruti. Ukiushusha tena bila kubadilisha ganda, linamiminiwa tena. Na chombo cha baruti kilikuwa wazi, maana niliinuka katikati ya kazi.

Sikuwahi kupaza sauti kati ya watu wale. Kiingereza changu ni cha vitabu na cha ghalani, nami huwa nakiandaa kichwani kabla ya kukitoa. Wakati huo sikuandaa. Nilipiga kelele kwamba wasimamishe, na nadhani nilisema kwa lugha mbili.

Kila kitu kilisimama.

Aliyekuwa na saa alinyoosha mkono wake mbele ya mzee bila kumgusa. Kwenye meza ya kujazia watu waliinua mikono juu ya bunduki zao, vidole wazi. Mstari wa jirani, ambao haukunihusu kabisa, ulinyamaza pia, kisha na ule wa mbali. Watu hamsini au zaidi, wote wenye silaha, walikuwa wakinitazama mimi, mtu ambaye jina lake halimo hata kwenye orodha yao, wakisubiri niseme ninachotaka. Hakuna aliyeuliza mimi ni nani. Nilikokua, nimesikia watu wakilia mbele ya bunduki, wakiomba, wakitaja majina ya wazazi wa waliozishika. Sijawahi kuona sauti ya mtu ikisimamisha hata moja. Hapa ilisimamisha zote. Ni kama kuingia mahali pa ibada ukakuta wamekusimamia.

Nilikwenda mpaka kwa mzee. "Usipige," nilimwambia. "Moja inaweza kuwa na mara mbili. Sijui ni ipi."

Hakuniuliza nimejuaje. Aliinua bunduki, mdomo wake ukielekea kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha, akageuza kidogo uso wake wenye jicho zima, akazitoa risasi zote kumi bila kufyatua, zikaruka moja moja zikaanguka kwenye nyasi. Mwenye saa aliikagua bunduki, akasema ni tupu. Ndipo uwanja ukaanza tena kupumua.

Bibi mmoja mwenye sketi ndefu alikuja na sanduku lake. "Chukua zangu. Nimezijaza mwenyewe."

"Mama, chakula chako ningekila bila kuuliza kimepikwaje," mzee alimjibu akigusa kofia. "Lakini risasi ninazopiga ni za mkono mmoja tu ninaoujua."

"Hata leo?"

"Leo hasa. Umesikia alivyopiga kelele? Huyo hawezi kunificha kitu."

Wapo waliocheka. Mimi sikuweza. Kununua mpya hapo haikuwa rahisi. Jimbo lile linataka ukaguzi hata wa anayenunua risasi, na ilikuwa Jumapili. Nilipendekeza tuzipime moja moja kwa mizani, tuitafute iliyo nzito. Mzee alitikisa kichwa, na nilijua kabla hajasema. Maganda hayalingani uzito, wala vichwa. Tofauti yao inaweza kuficha baruti kidogo vile. Hakuna njia ya kuijua risasi iliyofungwa isipokuwa kuifungua.

Kwa hiyo alijiondoa. Alikwenda kwa mwandishi wa mashindano, akaonyesha kwa kidole jina lake, likafutwa kwa mstari mmoja. Kisha akaomba kazi. Walimpa ya kuhesabu shabaha zilizokoswa, inayohitaji watu watatu kila mstari.

"Wewe na jicho moja?" mwenzake alimtania.

"Moja linatosha. Nyinyi mnakosa kwa wingi, siwezi kupotea hesabu."

Alisimama pale mpaka jioni, akinyoosha vidole kila mpigaji alipomaliza. Nilimtazama siku nzima nikitafuta uchungu usoni mwake. Alikuwa amejiandaa miezi kwa siku ile, hata koti lake ameshonewa kiraka kipya. Niliona tu mtu anayetazama mchezo anaoupenda. Njiani kurudi nilisema samahani mara tatu, na mara ya tatu alizima redio akaniuliza kama mama mkwe wangu angekubali kumfundisha binti yake yeye mzee kupika yale majani.

Nyumbani, katika gereji yake, tulizifungua zote. Kuna kifaa kama nyundo: unaifunga risasi ndani ya kichwa chake, unagonga kwenye kipande cha saruji, na vitu vinaachana, ganda huku, baruti huku. Ni kazi ya jioni kadhaa. Mke wangu, ambaye hajawahi kuingia gereji ile, alikuja jioni ya pili na chai, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama. Nilipima baruti ya kila moja. Mizani ilisema uzito uleule, na uleule, mpaka nikaanza kuamini kwamba shemeji alikuwa ametia chumvi hadithi yake.

Haikuwa kati ya zile kumi za asubuhi. Ilikuwa kwenye mfuko wa pili, ambao tungeufungua baada ya chakula cha mchana. Niligonga, nikaimwaga kwenye sahani ya mizani, na mshale ukapita mahali pake pa kila siku, ukaenda kusimama kwenye uzito wa mara mbili. Niliita. Mzee aliinama juu ya sahani. Mke wangu naye akainama.

Lilikuwa rundo la vipande vya kijivu, vidogo kama makapi ya ulezi. Kwenye kijiko cha chai lingeacha nafasi.

"Ni hii?" mke wangu aliuliza.

"Ni hii."

"Inaonekana kama kitu cha kufagia."

Tuliitazama bila haraka. Mzee akanyoosha kidole kinachotetemeka, akakigusisha kwenye rundo kwa wepesi sana, jinsi mtu anavyogusa shavu la mtoto aliyelala. Kisha akachukua sahani na bakuli la baruti nyingine yote, ambayo hatungeiamini tena, akaenda kuimwaga kwenye mashina ya nyanya zake, akisema inarutubisha.

Alitaka tugawane hasara, nami nikakataa, nikitaka kulipa yote, tukabishana mpaka mke wangu akatuamua: nusu kwa nusu. Tulijumlisha ada ya mashindano, petroli ya kwenda na kurudi, chumba cha hoteli, na baruti iliyokwenda kwa nyanya. Ilikuwa dola mia tatu na sabini.